Mlango wa Mjomba Ambroise

Ghala la ngome yetu lilijengwa kuhifadhia ngozi za biva, mnyama wa manyoya wa mito ya huku kwetu kwenye baridi. Biashara ya ngozi ilipokufa likawa stoo ya viazi, kisha shule, kisha gereji ya gari la zimamoto, na hapo ndipo ukuta ulipobomolewa ukawekwa mlango mpana. Gari nalo likafa, tukapata ukumbi. Mama yangu, Clémence, alisomea humo, akachezea ngoma humo, na wazazi wake walilazwa humo kabla ya kuzikwa.

"Na mimi mnilaze humo," aliniambia hospitalini. "Msinipeleke kwingine."

Ila mwaka uliotangulia watu wa mambo ya kale walikuja na michoro yao. Walitaka ghala lirudi lilivyokuwa siku ya kwanza, kana kwamba sisi tuliolitumia baadaye tulikuwa panya. Wakamwajiri mjomba Ambroise, mdogo wake Mama, azibe mlango mpana na kurudisha ule wa zamani, mwembamba, wenye kona kali mara tu unapoingia. Alifanya kazi safi. Akajisifu mpaka tukamchoka.

Mama alifariki Machi. Bi Hargreave wa mambo ya kale, simnyimi haki yake, alikubali tumlaze humo bila maneno mengi, akaondoa mwenyewe kamba ya kuzuia wageni. Tukabeba jeneza. Likaingia nusu, likakwama kwenye kona. Tukaliinamisha, likagoma.

"Fundi!" binamu yangu Zacharie alifoka. "Mlango gani huu? Wa kuku?"

"Funga mdomo, Zach," nikamwambia.

"Basi tumpeleke kanisani. Tutafanyaje?"

Nilimchukia mjomba dakika ile. Yeye alikuwa anapapasa fremu aliyoipiga randa kwa mikono yake.

"Nileteeni shoka," akasema.

Bi Hargreave akaziba mdomo kwa kiganja, lakini hakumzuia. Niliyemzuia ni mimi.

"Mama angekutukana, mjomba. Kila mgeni alikuwa anamleta hapa. 'Tazama, huu kautengeneza mdogo wangu.'"

Mjomba akaiachia fremu. Tukaliweka jeneza juu ya theluji, akalifungua, akamfunika Mama vizuri kwa blanketi lake, akambeba mikononi. Mlangoni akageuka upande, akamshikilia kichwa kifuani.

"Taratibu, dada," nilimsikia akimwambia. "Usinikwaruzie mlango."