Mashine Iliyosahau Diski Yake

Saa tatu asubuhi, fundi wa kompyuta wa hospitali ya macho aliizima mashine kuukuu iliyokuwa ikiendesha kisagio cha lenzi, akachomoa nyaya zake, akaweka mezani kompyuta mpya. Kufika saa nne na nusu jasho lilikuwa likimtoka. Ile mpya ilikuwa na kasi ya ajabu, lakini haikukitambua kisagio kabisa. Akairudisha ya zamani. Ikawaka, ikanguruma, kisha ikaandika kwa herufi nyeupe kwenye weusi mtupu kwamba haioni diski.

"Huko nje watu kumi na tisa wanasubiri miwani," alisema daktari mkuu. "Niwaambie nini?"

"Waambie wavute subira, daktari. Nampigia mama yangu simu."

Daktari alidhani anataniwa.

Mama alifika baada ya nusu saa, mkoba kwapani. Kazini kwake walikuwa wakimwita Mama Kadi, maana alianza kazi enzi ambazo kompyuta moja ilijaza ukumbi mzima, na kila kazi iliingizwa kwa kadi ngumu zilizotobolewa matundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Mgonjwa wetu yuko wapi?"

Hakugusa kitu. Alivuta kiti, akayasoma maneno ya kwenye skrini polepole, kisha akauliza, "Mara ya mwisho kuchomolewa umeme ilikuwa lini?"

Msaga lenzi, mzee aliyekuwa ameegemea mlango, ndiye aliyejibu. "Sijawahi kuiona imezimwa, na nina miaka ishirini hapa."

"Basi haijafa. Imesahau tu."

"Imesahau nini, mama?" aliuliza fundi, bintiye. "Mfumo endeshi umo ndani ya diski, na diski naisikia inazunguka."

"Inazunguka, ndiyo. Lakini mashine ikiwashwa huwa haijui lolote. Kuna programu ndogo kwenye ubao wake, ndiyo inayoiamsha na kuituma kwenye diski ikauchukue mfumo endeshi. Sasa, diski za zamani hizi hazijitambulishi zenyewe. Vipimo vyake vinatunzwa kwenye kumbukumbu inayolishwa na betri ndogo, na betri hiyo..."

"Imekufa zamani!" Fundi alijipiga paji la uso. "Hakuna aliyejua kwa sababu umeme wa akiba wa hospitali haukuwahi kuiacha izimike."

Akashika bisibisi, akakimbilia stoo kutafuta betri.

Daktari alijikohoza. "Mama, samahani. Huo mfumo endeshi ni kitu gani hasa?"

"Ujanani mwangu ulikuwa mimi," Mama Kadi alisema, na wala hakuwa akitania. "Mtu wa takwimu analeta kadi zake, mhandisi zake, na mkubwa wa idara anataka zake zitangulie. Mimi ndiye niliyepanga nani aanze, mkanda upi wa kumbukumbu ufungwe, mashine ya kuchapa apewe nani. Nikitembea kutoka meza hii hadi ile, mashine inakaa bure. Baadaye wakaandika programu ifanye kazi yangu, tena bila kudai chai."

"Hukukasirika?"

"Siku mbili. Ya tatu nikajifunza kuiamrisha. Nani aliijua kazi ile kunishinda?"

Fundi alirudi na betri aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu. Lebo ya diski, yenye vile vipimo, ilikuwa imefifia, ikabidi msaga lenzi aisogezee lenzi nene, asome tarakimu moja moja huku fundi akiziandika. Wakawasha. Diski haikuonekana.

"Hiyo sita ni nane," alisema msaga lenzi, pua ikikaribia kugusa lebo. "Ni nane, naapa!"

Fundi akasahihisha. Safari hii skrini ikajaa mistari, kisha kisagio kikalia mlio wake mfupi wa kuitika. Msaga lenzi alipiga makofi peke yake.

"Haiondoki hii," fundi alisema, sauti yake imetulia sasa. "Mfumo wa kompyuta mpya hauna programu ya kuzungumza na kisagio. Basi mpya itunze majalada ya wagonjwa, kisha iipelekee hii vipimo vya lenzi kwa kebo. Kila moja ifanye inachokijua."

Mama alimtazama bintiye juu ya miwani. "Hilo nisingeliwaza. Ila kwanza nakili..."

"Diski? Nimeshaanza."

Watu wote waliokuwa nje walipata miwani yao kabla ya saa kumi. Daktari alimsindikiza Mama Kadi hadi getini, akimsihi aje awafundishe wafanyakazi.

"Mwalimu mnaye," alijibu. "Mpeni ubao na chaki."

Wiki iliyofuata fundi alisimama mbele ya wauguzi na makarani, akaanza na ukumbi mzima uliokuwa kompyuta moja. Mama yake alikaa kiti cha nyuma kabisa, akamuuliza swali gumu kuliko yote, na alipojibiwa barabara, akaandika jibu kwenye daftari lake.