Mstari Ulionyooka Mno

Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024. Ukungu uliishukia Kihesa hata paa za jirani hazikuonekana, na baridi ilikuwa ya kung'ata masikio.

Mbuke Bujiku, mwalimu wa fizikia kutoka Mbeya, aliingia amechelewa katika ukumbi wa mkutano wa wanafizikia. Njiani, pale Nyololo, lori lilikuwa limeanguka likaziba barabara. Crispin, mtafiti mwenzake, aliahidi kumsubiri. Lakini alimkuta mbele, anamalizia kueleza kazi yao.

Kwa miaka mitatu wawili hao walitafuta jinsi kiini fulani cha atomi kinavyomeza nyutroni ndani ya nyota, maana kwa kumeza huko madini mazito kama dhahabu huzaliwa. Kiini chenyewe hakidumu; huoza kabla hujakirushia nyutroni. Ndipo maabara ya ng'ambo ikapita njia ya kuzunguka: ikachukua kiini jirani, ikakichokoza kwa namna nyingine, ikapima miale inayotoka. Vipimo wakaletewa wao wavichambue.

Walipoanza kazi, Mbuke alimfafanulia Crispin kwa mambo ya kwao Usangu, walikohamia wazazi wake Wasukuma na ng'ombe wao. Ng'ombe akifiwa na ndama, Wasukuma humvisha ndama yatima ngozi ya marehemu. Mama hunusa, hushusha maziwa.

"Ila mfugaji hapimi maziwa hayo akasema ndiyo yaleyale ambayo ng'ombe angempa ndama wake wa kumzaa," alisema. "Na kiini jirani ndivyo kilivyo: kuna tofauti, lazima uirekebishe."

"Wasukuma bwana! Hata fizikia mnaikamua!" Crispin alicheka. Kisha walipiga magoti, wakamwomba Mungu awape uaminifu.

Sasa ukutani mstari wa matokeo ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi. Marekebisho hayakuwapo. Jina la Mbuke lilikuwapo.

Wakati wa chai alimvuta pembeni. "Kaka, marekebisho yako wapi?"

"Punguza sauti, dada. Yalikuwa yanaongeza mashaka ya vipimo tu. Nani atatushika mkono kwa mchoro kama mkeka uliofumuka?"

"Ukayatoa bila kuniambia."

"Si jina lako nimeliacha? Mwingine angelifuta."

Hapo ndipo kisu kilipozama. Angemwibia kazi, Mbuke angelia, akasamehe. Huyu alimfanya shahidi wa uongo, naye akaja mbio kutoka Mbeya kuushuhudia. Mbuke aliiacha chai yake ipoe. *Bwana, nipe kinywa.*

Waliporudi, Dokta Severina, mwenyekiti wa kikao, aliuliza: "Wenzetu wanaokokotoa kuzaliwa kwa dhahabu wanazisubiri namba hizi. Mnazisimamia wote wawili?"

"Wote wawili, mama," Crispin alidakia.

Mbuke akasimama.

"Mama, hapana. Si zetu wawili."

"Dada Mbuke, keti, tutaongea," Crispin alinong'ona.

"Tulishaongea, kaka, tukiwa magotini." Akaugeukia ukumbi. "Namba hizi zina kasoro, marekebisho yake yameondolewa, na ninyi nyote ni mashahidi. Mimi Mbuke binti Bujiku naahidi: jina langu naliondoa leo, na hesabu nitairudia mwanzo hadi mwisho, na mashaka yake yote, hata nikibaki peke yangu."