Mchanga wa Kiti cha Nyuma

Mizani ya ofisi ilinunuliwa kutoka duka la saruji, na kwa sababu hiyo haikuwa na mazoea ya kumbembeleza mtu. Ilikaa kando ya mlango, chini ya kalenda. Kila aliyetaka kukodi ndege ya kuzunguka kisiwa kwa nusu saa ilimbidi aipande kwanza. Ndege yenyewe ilikuwa ya viti vinne: cha rubani, kimoja kando yake, na viwili nyuma. Kilo kumi zikikaa mahali pasipostahili, rubani huzihisi mkononi kabla hajamaliza kupaa.

Mpima uzito alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na watu walimwita Bi Kilo. Alikuwa na kalamu mbili, daftari la mistari na uso usiocheka mtu. Uso huo ndio ulioendesha kazi, maana watalii wengi walifika ofisini na uzito wao wa kusema.

"Sitini na nane," alisema mwanamke mmoja mwenye kofia pana, kabla hata hajapanda.

"Karibu juu, dada," alisema Bi Kilo.

Mizani ikasema sabini na tisa.

"Ni hii kofia."

"Inawezekana," alisema Bi Kilo, akaandika sabini na tisa.

Mume wa mwanamke huyo aliombwa asogee dirishani mke akipimwa, na alipoitwa zamu yake akalalamika kwamba wao wawili ni kitu kimoja, hakuna haja ya kufichana.

"Ndege haijui ndoa, kaka," alisema Bi Kilo. "Inajua kulia na kushoto. Wewe kaa kushoto."

Safari ilikuwa ileile kila siku. Ndege ilipita juu ya mnara wa taa, ikazunguka miamba ya matumbawe, kisha ikakata kona juu ya hoteli kubwa na kurudi. Mtu akiwa chini, mbele ya hoteli aliona bustani ya nyasi pana, sawa kama meza, yenye vibao vinavyokataza kukanyaga. Akiwa juu, mahali hapohapo aliona kijiji. Kilikuwa na nyumba arobaini na moja, kisima, kamba za nguo zilizoanikwa, na njia nyembamba ya kwenda ufukweni. Kijiji hicho kilikuwa kimehamishwa miaka kumi na moja nyuma, kwa siku moja, kwa malori sita. Wenyewe walipelekwa kwenye vyumba vya matofali katikati ya kisiwa, ambako upepo haufiki. Hesabu ya kuhamisha ilifanywa kwa makini, lakini ilifanywa na watu waliosimama chini, na hakuna aliyekumbuka upande wa juu.

Abiria walikipiga picha kama walivyopiga picha mnara. Mmoja alilalamika kwamba hakikutajwa kwenye karatasi ya matangazo, na kwamba laiti angejua angekuja na kamera yake nzuri.

Rubani alikuwa kijana mrefu aliyependa karanga. Juma lake la kwanza kazini alirudi ofisini akitafuna, akasema, "Bi Kilo, pale hotelini kuna kijiji."

"Najua. Nyumba ya tatu kutoka kisimani, kuna mtu anafagia?"

"Yupo. Mama mtu mzima, amefunga kitambaa cha bluu."

"Huyo ni mama yangu," alisema Bi Kilo, akaendelea kufuta vumbi kwenye mizani.

Siku ya malori, mama yake alikuwa ameshika fagio. Waliokuwa juu ya lori walimwita, dereva akapiga honi, naye akajibu kwamba hawezi kuacha uwanja mchafu watu wakapata la kusema. "Tangulieni," alisema. "Nikimaliza kufagia nitakuja." Lori likaondoka. Kesho yake Bi Kilo aliporudi kwa miguu kumchukua, alikuta nyasi. Zilikuwa zimeletwa tayari zimeota, zimekunjwa kama mikeka, na wanaume wawili walikuwa wakikunjua vipande vya mwisho. Mlinzi wa getini alitazama orodha yake mara mbili, kwa adabu, akasema hakuna mgeni wa jina hilo.

Tangu hapo mama alihesabiwa kuwa amechelewa. Kule kwenye vyumba vya matofali kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, na Bi Kilo alibadilisha shuka kila Jumamosi.

Kwa hiyo kila ndege ilipotua aliuliza swali moja. "Amefika wapi?"

"Karibu na mlango wa jiko," rubani alimjibu jioni moja. Lakini kesho yake asubuhi alisema, "Amerudi mwanzo kabisa, kwenye kizingiti."

Hilo ndilo lililomkosesha Bi Kilo raha. Mama yake alikuwa mwepesi wa mikono. Uwanja ule alizoea kuumaliza kabla uji haujachemka. Miaka kumi na moja kwa uwanja ule ilikuwa mingi, na binti alitaka kumuuliza mwenyewe kulikoni. Alimpigia simu mwenye ndege kuomba kupanda mara moja tu, siku ambayo kiti kimoja kingekuwa wazi.

Mwenye ndege alikuwa mtu wa kanuni. "Kiti ni cha abiria," alisema. "Kisipokuwa na abiria ni cha mchanga, ili ndege isiinamishe pua. Wewe ni abiria?"

"Hapana, bosi."

"Ni mchanga?"

"Hapana."

"Sasa nikuweke wapi, dada yangu?"

Bi Kilo alikiri kwamba hajui, wakaagana vizuri.

Mchanga wenyewe ulikaa stoo, mifuko mitatu ya kilo ishirini ishirini. Asubuhi moja alikuja abiria mmoja peke yake, mwalimu mstaafu wa kilo mia moja na nne, aliyekodi ndege nzima kusherehekea kwamba hatasahihisha tena daftari la mtu. Alikalishwa mbele. Rubani alipokwenda stoo kuchukua mifuko, alikuta panya wameitoboa yote mitatu na mchanga umelala sakafuni kama umechoka.

Rubani alirudi, akampima Bi Kilo kwa macho.

"Wewe una kilo ngapi?"

Kwa miaka tisa Bi Kilo hakuwahi kuipanda mizani ile. Aliipanda. Ikasema sitini na moja.

"Imezidi moja," alisema, kwa huzuni ya kweli.

"Vua viatu."

Alivua viatu, akavua na saa. Mizani ikasema sitini kamili. Bi Kilo akachukua daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa siku zote: *Abiria, mmoja. Mchanga, kilo sitini, kiti cha nyuma kulia.* Kisha akaenda kukaa hapo, pekupeku, akafungwa mkanda.

Walipita mnara, wakapita miamba. Juu ya hoteli rubani alipunguza injini, akainamisha bawa la kulia, na kijiji kikaja karibu na dirisha. Mama yake alikuwa katikati ya uwanja, ameinama. Aliposikia mlio aliweka mkono juu ya macho, akatazama juu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelea watoto sita bila kuinuka jikoni, na injini haikumsumbua.

"Wewe! Mbona umechelewa?"

"Mimi ndiye niliyechelewa, Mama?"

"Na hizo nywele amekusuka nani? Alikuwa na ugomvi na wewe?"

"Mama, hatuna muda. Uwanja haumaliziki kwa nini?"

Mama akasimama wima, mkono kiunoni. Ilionekana ni swali alilolisubiri. "Nitamalizaje? Kuna mvua hapa inatoka ardhini. Kila alfajiri, fyuu fyuu, uwanja wote tope. Nasubiri ukauke, nafagia, nafika jikoni jua linazama. Nikiamka, tope. Ni mvua ya nani hiyo?"

"Ni ya hoteli. Wanamwagilia nyasi."

"Nyasi zipi?"

Bi Kilo alitazama chini. Kutoka juu hakukuwa na nyasi hata moja. "Ni habari ndefu, Mama."

"Basi mwambie huyo hoteli aizime siku moja. Moja tu, nimalize nije. Simwombi shamba." Ndege ilikuwa imeanza kupita. "Kitanda changu kipo?"

"Kipo! Shuka nimebadilisha Jumamosi!"

"Zile za maua usitandike! Za wageni hizo!"

Mwalimu mstaafu aligeuka kidogo kitini. "Mchanga wenu unaongea," alisema.

"Leo tumepata wa namna hiyo," alisema rubani, akanyoosha bawa.

Mchana huohuo Bi Kilo alivaa viatu vyake akaenda hotelini. Meneja alimpokea katika ofisi yenye baridi, akampa maji kwenye glasi ndefu. Alikuwa mtu mpole, mwenye tai. Alisikiliza yote mpaka mwisho, akiandika.

"Mama yako yuko chumba namba ngapi?" aliuliza.

"Hayuko chumbani. Yuko uani kwake, hapo." Bi Kilo alionyesha dirishani, kwenye nyasi.

"Aa. Hiyo inaeleza jambo." Meneja alionekana kufarijika. "Kila jioni watunza bustani wanakuta mistari kwenye nyasi, kama ya fagio. Tulidhani ni ugonjwa. Tukaongeza maji."

"Basi mkiyazima asubuhi moja tu, atamaliza, na mistari haitakuwepo tena."

Meneja alifungua kabati, akatoa ramani, akaitandaza mezani na kuinyoosha kwa viganja. Mahali pa bustani palikuwa peupe. Juu yake pameandikwa *Eneo tupu*, na mwaka ulioandikwa ulikuwa wa kabla ya malori.

"Unaona tatizo langu, mama," alisema kwa upole. "Mimi naamini. Lakini hapa panasema hapakuwa na mtu, na siwezi kusitisha huduma kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo. Wenzangu wataniuliza. Hata hivyo hili ni jambo zito, nitalipeleka juu."

"Juu ndiko aliko," alisema Bi Kilo.

Meneja alicheka kwa heshima, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Bi Kilo aliamini kwamba litapelekwa, na kweli lilipelekwa. Baada ya wiki tatu ilikuja barua ya karatasi nene. Ilisema ombi limejadiliwa kwa moyo wa huruma na wakubwa wote. Kwa bahati mbaya nyasi ni kiumbe hai, na asubuhi moja bila maji ingeweza kuziumiza. Lakini ili kuonyesha ujirani mwema, hoteli imeamua kukitambua kijiji rasmi. Ndani ya bahasha ilikuwamo karatasi mpya ya matangazo, yenye rangi na picha ya mama yake ameinama, na chini yake maneno: *Kijiji cha Angani. Huonekana kwa ndege tu. Mwanamke wa Fagio huwepo kila siku.*

Bi Kilo aliisoma mara mbili. Picha ilikuwa nzuri. Alimwonyesha rubani.

"Ametoka vizuri," alisema rubani.

"Angejua angebadilisha kitambaa."

Kuanzia wiki hiyo watu walipanga foleni mpaka nje ya mlango. Familia zilikuja watu watatu watatu. Wapenzi waliokuja wawili waliombwa wasubiri wa tatu, naye hakukawia. Mwenye ndege alipiga simu kupongeza kila mtu. Mifuko ya mchanga ilishonwa upya, ikawekwa stoo, na haikutoka tena, kwa sababu hakukuwa na siku ambayo kiti cha nyuma kulia kilikuwa wazi. Bi Kilo alijipima asubuhi kabla ya wageni kufika, bila viatu, na kila siku alikuwa sitini kamili, lakini haikusaidia.

Siku moja, rubani akiwa anakagua mafuta, Bi Kilo alimwendea pale kwenye ndege.

"Nimwambie nini mama yako kuhusu maji?" rubani aliuliza. "Kila nikipita ananiuliza. Jana amenitupia kokoto."

"Mwambie..." Bi Kilo alifikiri. Hakuwa na desturi ya kupunguza kilo ya mtu yeyote. "Mwambie wamekataa."

"Hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Halafu mwambie nimeandika barua nyingine."

"Umeandika?"

"Naandika leo."

Ndege ikapaa na familia ya watu watatu, ikarudi baada ya nusu saa. Rubani alishuka wa mwisho.

"Amesema sawa," alisema. "Amesema uandike kwa wino mweusi, wa bluu wakubwa huudharau. Na amesema anaanza tena kutoka kizingitini."

Bi Kilo alitikisa kichwa kukubali. Wageni waliofuata walikuwa tayari mlangoni. Wa kwanza alikuwa mwanamume mnene mwenye shati la maua. Alisema ana kilo themanini, akapanda, mizani ikasema tisini na sita. Bi Kilo akaandika tisini na sita.

"Kiti cha nyuma kulia," alimwambia. "Mkipita juu ya hoteli, tazama upande wako. Nyumba ya tatu kutoka kisimani."

"Kuna nini pale?"

"Mama yangu anafagia. Mpungie mkono, kaka yangu, lakini usimwambie afanye haraka."

Mgeni alisema atampungia. Akatoka kuelekea kwenye ndege, na Bi Kilo akafungua ukurasa mpya, akamwita anayefuata.