Hewa ya Chumba cha Bimdogo

Fawziya alipoolewa Ibra, mji wa bara ya Omani, jambo la kwanza alilojifunza katika nyumba ya mkwewe ni kwamba viazi mviringo haviitwi viazi mviringo. Vinaitwa mbatata. Kwao walitoka Tabora, wakahamia Omani yeye akiwa bado mtoto, na nyumbani kwa baba yake, Mudhaibi, walikuwa wakizungumza Kiswahili cha bara bila ya mtu kuwacheka. Bimdogo, mama yake mumewe, alizaliwa Unguja mjini na maneno yake ameyahifadhi kama vyombo vya harusi. Hakuwa mkali. Alikuwa akimsahihisha mkwewe kwa upole, mbele ya wageni, huku akicheka, na ule upole ndio uliokuwa ukimchoma Fawziya.

Mumewe, Mohannad, alikuwa na kazi nzuri serikalini. Alijenga nyumba mpya nje kidogo ya mji, akatia AC moja kubwa ya nyumba nzima, wakahamia huko pamoja na Bimdogo. Mashine yenyewe ilikaa juu ya paa, na hewa ikipita katika mabomba mapana ya bati yaliyofichwa juu ya dari, ambayo mafundi wanayaita dakti. Kila chumba kilikuwa na matundu mawili yenye grili: moja linapuliza hewa ya baridi, la pili linaivuta hewa ya chumbani na kuirudisha kwenye mashine ipoe, kisha igawiwe upya nyumba nzima. Ndiyo maana samaki akikaangwa jikoni, harufu yake unaikuta kwenye mito ya watoto.

Mwaka wa 2005, majira ya baridi yalipoanza, Mohannad akamwita Wadhah aje kusafisha dakti. Wadhah alikuwa kijana wa Ibra, wazee wake walitoka Bujumbura. Alisomea ufundi, akafanya kazi Maskati, kisha akarudi kwao kufungua duka lake la kusafisha mabomba ya hewa. Kazi hiyo ilikuwa ngeni pale mjini, na watu wengi hawakujua hata kama yale mabomba yanaingia uchafu. Alikuja na mashine ya kufyonza vumbi kubwa kama pipa na mabrashi ya kuzunguka yenye shingo ndefu, akayapitisha chumba baada ya chumba, akatoa mchanga, nywele na manyoya ya ndege ambayo hakuna aliyejua yamefikaje huko. Alipomaliza alimwonyesha Fawziya namna ya kuifungua ile grili ya kuvuta hewa: unabonyeza pembeni, inatoka, unaiosha, unairudisha. Akamwambia kwamba akifanya hivyo mara kwa mara, nyumba itakaa safi mpaka msimu mwengine.

Haukupita muda, Fawziya akashika mimba, na mimba ile ikaja na kichefuchefu ambacho hakukipata kwa watoto wake wawili wa mwanzo. Bimdogo alikuwa akifukiza udi chumbani kwake asubuhi, akifukiza tena baada ya magharibi, na kabla ya kulala akijichua miguu kwa mafuta ya karafuu. Kwa kuwa mashine ilikuwa ikizungusha hewa hata wakati wa baridi, yote hayo yaliingia katika tundu la kuvuta, yakapanda juu, yakashuka kila mahali. Fawziya alikuwa akitapika mpaka machozi yakimtoka.

Angeweza kusema. Bimdogo ni mzazi, angeelewa. Lakini kusema kungekuwa kuomba, na yeye hakutaka kumwomba Bimdogo kitu. Siku moja mkwewe alipokwenda harusini Birkat al Mauz, Fawziya aliingia chumbani mwake na ngazi, akapanda, akabonyeza pembeni ile grili ya kuvuta hewa, akachukua taulo kuukuu, akalikunja na kulisukuma ndani mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Akairudisha grili mahali pake. Alijiambia kwamba kichefuchefu kikiisha atalitoa. Lakini alipokuwa akilisukuma lile taulo alisikia raha moyoni, na raha ile ndiyo baadaye aliyoshindwa kuisamehe.

Kichefuchefu kikaisha. Kulikuwa bado baridi, chumba cha Bimdogo hakikuwa na neno, na taulo likasahaulika. Fawziya alilikumbuka joto lilipoanza kupanda, na wakati huo tumbo lilikuwa kubwa, hawezi tena kupanda ngazi. Kumtuma mtu kungetaka maelezo. Akawa analiahirisha, leo na kesho.

Bimdogo alikuwa na mazoea ya kukaa mlango umefungwa. Hewa ya chumba haikuwa na pa kutokea, kwa hivyo ya baridi nayo haikuwa na pa kuingilia, ila kidogo tu. Hakulalamika. Alisema miguu imekuwa mizito, alisema labda ndiyo uzee umeshafika, akawa anajipepea kwa kipepeo cha ukindu akidhani joto lile limo mwilini mwake. Fawziya alimsikia akisema hivyo mezani, akainama kumpakulia wali.

Mwezi wa sita, baada ya adhuhuri, walimkuta ameanguka juu ya msala wake. Alikuwa anapumua, lakini macho hayamtambui mtu. Mohannad alimbeba mikononi mpaka garini. Hospitali walimtia maji, wakamlaza, wakasema ni joto na ukosefu wa maji mwilini, na kwa mtu mwenye presha kama yeye wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Mohannad aliporudi nyumbani kumchukulia nguo, aliingia kile chumba, akasimama katikati, akaona jasho linamtoka yeye mwenyewe. Akapiga simu kwa kampuni moja ya Nizwa, maana alitaka watu wengine, si wale waliokwisha kuigusa kazi ile.

Fundi wa Nizwa hakukaa sana juu ya ngazi. Alitoa grili, akatia mkono, akavuta. Taulo lilitoka jeusi, limeshikana na vumbi kama kipande cha zulia lililooza.

"Hiki ni kitambaa cha kusafishia," alisema. "Nani aliwafanyia kazi hii kabla yetu?"

Mohannad akalitaja jina la Wadhah. Fawziya alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika kiuno. Alijiambia kwamba atasema mafundi wakishaondoka, si jambo la kusemwa mbele ya wageni. Mafundi wakaondoka. Akajiambia kwamba atasema Mohannad akishapoa. Lakini Mohannad hakupoa. Aliutia ule uchafu ndani ya mfuko wa plastiki, akaenda nao moja kwa moja dukani kwa Wadhah, akautupa juu ya meza mbele ya wateja, akamwambia kwamba alikuwa karibu kumuulia mama yake. Kisha akalisimulia jambo hilo kazini kwake, msikitini na kwa jamaa zake wote. Ibra ni mji ambao habari haichoki njiani.

Bimdogo alipotolewa hospitali, Wadhah alikuja kumtazama. Alivaa kanzu safi na kofia iliyotariziwa, lakini uso wake ulikuwa umekonda. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yule.

"Shikamoo, Bimdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Aliomba radhi kwa sauti ya chini. Alisema hakumbuki kukiacha kile kitambaa. Amejaribu kuikumbuka siku ile tangu asubuhi mpaka jioni na hakumbuki, lakini kimetoka ndani ya dakti aliyoisafisha yeye, na hakuna mwengine aliyeingiza mkono mle. Kwa hivyo ni yeye. Alilisema hilo huku machozi yanamdondoka kwenye kanzu, na Bimdogo akamshika kichwa akimwambia khalas, mwanangu, Mungu ameshaniponya, basi tena.

Fawziya alikuwa ndani ya chumba hicho hicho na dele la kahawa mkononi. Wadhah alimgeukia, akamwomba radhi na yeye, kwa usumbufu alioupata na hali yake ile ya ujauzito. Fawziya akamwambia hapana neno. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, akammiminia kahawa.

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kike, wakamwita Manar. Mama yake Fawziya mwenyewe alikuwa mgonjwa kule Mudhaibi, kwa hivyo aliyemlea Fawziya katika arobaini yake ya uzazi ni Bimdogo. Mwanamke aliyekuwa hawezi kusimama juzi alikuwa anachemsha maji, anamkanda kiuno, anamfunga tumbo kwa kanga na kumpikia uji wa pilipili manga. Alimwogesha kama anavyoogeshwa mtoto. Hakuwa akimsahihisha neno lolote. Fawziya alikuwa akijilaza akimsikia yule mzee akihema kwa kuinama, na kila anapogeuzwa na mikono ile alitamani ardhi ipasuke.

Asubuhi moja Bimdogo alikuwa anamkaza mkanda wa tumbo, na maneno yakamtoka tu.

"Mama, lile taulo nilitia mimi."

Mikono ya Bimdogo ikasita. Fawziya akaeleza yote: kichefuchefu, udi, ngazi, hata ile raha. Bimdogo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamaliza kufunga fundo la kanga, pole pole, wala hakulikaza kupita kiasi.

"Nimekusikia," alisema. "Mimi sina haki ninayokudai, nimekwisha kukusamehe. Lakini Mohannad usimwambie. Namjua mwanangu, hilo hatolimeza. Una watoto watatu."

"Na Wadhah?"

Bimdogo alichukua kibakuli cha uji kilichokwisha, akatazama ndani yake kama kuna kitu amekisahau.

"Wadhah ni kijana," alisema mwishowe. "Atasahau."

Fawziya alidhani akisamehewa na Bimdogo kifua kitapungua uzito. Kinyume chake kiliongezeka. Sasa walikuwa watu wawili wanaojua na wanaonyamaza, na mmoja wao alikuwa ananyamaza kwa ajili yake.

Arobaini ilipokwisha, Mohannad alimchukua yeye na mtoto kwenda Mudhaibi kumtazama bibi wa mtoto. Walikuwa barabarani, Manar amelala, Mohannad anazungumza habari za kazini, na katikati ya habari hizo akataja kwamba amemkataza hata mkuu wake wa kazi kumwita Wadhah nyumbani kwake. Alilitaja kama mtu anayetaja wema alioufanya. Fawziya akamwambia asimamishe gari.

Alimwambia kwa maneno machache. Hakuitaja mimba kuwa udhuru. Mohannad hakupiga kelele wala hakumtazama. Alikaa na mikono juu ya usukani, malori yakipita na kulitikisa gari. Kisha akaligeuza gari kuelekea Ibra.

"Utamwambia mwenyewe," alisema. "Mimi nitasimama pembeni."

Duka la Wadhah lilikuwa wazi, lakini ile mashine kubwa ilikuwa imefunikwa turubai. Alisimama alipowaona, akamsalimia Mohannad kwa adabu na kwa hofu, akawatolea viti. Fawziya hakukaa. Aliyasema yale yale, amemkumbatia Manar, na alipokwisha kusema akaona kwamba yule kijana hakuelewa mara moja. Ilibidi aseme tena: si kitambaa chako. Ni taulo langu. Nililitia mimi, kwa kusudi, baada ya wewe kuondoka.

Wadhah akaketi juu ya kile kiti alichomtolea yeye. Mwanzo uso wake ulifunguka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu ukabadilika.

"Nimerudi kila nyumba niliyowahi kuisafisha," alisema. "Kila nyumba. Nimewafungulia watu dari zao bure, natafuta vitambaa. Nilikuwa naogopa kuna mtoto mahali amelala chini ya kitu nilichokisahau."

Kisha akamgeukia Fawziya.

"Nilikuomba radhi, dada. Nilikuja kwenu nikakuomba radhi na wewe, na wewe ukanitilia kahawa."

"Ndiyo," alisema Fawziya. "Najua."

Mohannad aliingilia hapo. Alimwomba radhi kwa yale aliyoyasema mbele ya wateja, akamwahidi kwamba kila aliyemsimulia atarudi kwake kumwambia kweli. Wadhah alijibu kwamba baadhi ya wateja wameshakwenda kwa watu wa Nizwa na hadhani watarudi, mtu akishapata fundi mwengine ndiyo basi. Hakulisema kwa ubaya. Aliuliza hali ya Bimdogo, akaambiwa anaendelea vizuri, akamshukuru Mungu. Kisha akasimama, ikawa wazi kwamba anasubiri waondoke. Neno la kusamehe hakulitoa, na Fawziya hakuliomba.

Mohannad aliitimiza ahadi yake. Alikwenda kazini, msikitini na kwa jamaa, na popote alipokwenda ilimbidi amtaje mkewe. Kwa muda mrefu nyumbani alizungumza naye mambo ya watoto tu. Bimdogo alikasirika kwa kuvunjiwa wasia wake, akakaa siku kadhaa hamsemeshi, kisha akarudi kuwa kama zamani. Katika harusi na matanga wanawake walimuuliza Fawziya kama ni kweli, wengine kwa huruma na wengine kwa utamu wa kusikia, naye akawajibu kwamba ni kweli. Jibu lile halikupata kuwa jepesi kwa kuzoeleka.

Baridi iliporudi, Mohannad alimpigia simu Wadhah kumwita asafishe nyumba. Wadhah alishukuru, akasema ana kazi nyingi mjini Sur, awatafute wengine. Haikujulikana kama ni kweli, lakini mwaka uliofuata alikuwa ameajiri mtu na kununua gari la kazi, na jina la duka limeandikwa ubavuni.

Fawziya alilikuta gari hilo siku moja kwenye kituo cha petroli. Wadhah alikuwa anafunga ngazi juu yake. Alimwona, akasita kidogo na kamba mkononi.

"Salam alaykum, dada."

Fawziya akaitikia. Wadhah akarudi kwenye kamba zake, akazikaza moja moja, akaingia ndani ya gari na kuondoka kwa njia ya Sur.