Alama Tatu kwa Kikosi cha Moto

Bi Alama hakuomba kuwa mhakiki wa michezo ya video. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msahihishaji wa gazeti letu, mwanamke wa miwani na kalamu nyekundu, mwenye pua ya kunusa koma iliyokaa vibaya hata ikiwa upande wa pili wa chumba. Siku moja kijana aliyekuwa akiandika ukurasa wa gemu aliondoka bila kuaga. Mhariri, ambaye hakupikika chungu kimoja na Bi Alama tangu mama huyo alipomsahihisha matamshi mbele ya wageni, akamtupia ukurasa ule.

"Mimi?" Bi Alama akauliza. "Mimi hata karata sichezi."

"Ndiyo vizuri. Utakuwa huna upendeleo."

Mhariri alidhani anamwadhibu. Alisahau kwamba ukimpa msahihishaji kitu chochote, atakisahihisha.

Mimi ni mpanga kurasa, na meza yangu inatazamana na yake, kwa hiyo niliyaona yote. Siku ya kwanza aliishika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Baada ya mwezi alikuwa akiruka majengo na kuendesha vifaru huku akitafuna karanga. Kisha akaanza kuandika. Kila gemu aliipa alama kati ya kumi, akaorodhesha makosa yake, na kila kosa akalitolea sababu. Katika miaka sita nilimwona akitoa nane mara mbili. Tisa sijawahi kuiona. Nyingi ziliangukia kwenye nne.

"Gemu mbovu kabisa ni adimu kama gemu nzuri," aliniambia. "Nyingi ni chai ya vuguvugu. Hazikuunguzi, hazikuburudishi, na mtu amekuletea kwenye sinia."

Wasomaji walimpenda kwa hilo, wakamwita Bi Alama. Jina lake halisi likabaki kwenye karatasi za mshahara tu.

Sasa, mwaka huo wa sita Bi Alama alikuwa na jambo la nyumbani. Binti yake wa pekee, mfamasia, alikuwa amepata mchumba, na Jumamosi mchumba angekuja na mama yake kujitambulisha.

"Anafanya kazi gani huyo kijana?" nilimuuliza.

"Mambo ya kompyuta. Ndivyo alivyoniambia mwanangu. Na wewe uje, ukae upande wetu. Kaka zangu wako mbali, na sitaki tuonekane wachache."

"Nije kama nani?"

"Kama mjomba. Kazi ya mjomba ni kukohoa na kukubali."

Wiki hiyohiyo ikaingia gemu iitwayo Kikosi cha Moto. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imebandika mabango kila kona, zimamoto mwenye taya kama tofali akiwa amembeba bibi kizee begani. Bi Alama akakaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili aliacha kucheka. Siku ya tatu nilimsikia akiiambia skrini, "Baba, ngazi iko mbele yako. Ngazi hiyo hapo, baba!"

Uhakiki wake ulikuwa hivi. Ngazi za zimamoto zinapenya ukutani kama kisu kwenye siagi, na zimamoto anabaki chini akikanyaga hewa. Maji hayazimi moto, ila yanawalowesha zimamoto wenzako, nao wanalalamika wote kwa sauti moja ya mtu mmoja. Kabla hujaruhusiwa kuzima nyumba, sharti uokote kofia ishirini zilizotawanyika mtaani, na ukifikisha kofia ya kumi na tano nyumba imeshakuwa majivu, lakini mwenye nyumba bado yuko dirishani anasema, "Asante, shujaa." Mkuu wa kikosi anahutubia dakika kumi na moja, na hakuna namna ya kumnyamazisha. Alama tatu.

Lakini kulikuwa na aya ya mwisho. Katika hatua ya nne, kwenye ua wa nyuma ambao mchezaji hana hata sababu ya kupita, kuna kuku. Moshi ukija, kuku yule anageuka kuutazama upepo, anakusanya vifaranga chini ya bawa, na anawasogeza hatua kwa hatua upande usio na moshi. Ukimrushia maji kwa bahati mbaya, anajikung'uta, kisha anakutazama. "Nilimwomba radhi," Bi Alama aliandika. "Nimecheza gemu hii siku tatu, na kuku huyu ndiye kiumbe pekee aliyenifanya nione aibu. Aliyemtengeneza ana jicho. Namshauri aondoke kwenye kampuni hiyo kesho asubuhi, kabla wenzake hawajamwambukiza uvivu."

Makala ilizidi nafasi kwa mistari tisa. Nilitaka kumkata kuku.

"Kata mkuu wa kikosi," Bi Alama akasema. "Ameshaongea vya kutosha."

Nikamkata mkuu wa kikosi hadi akabaki na sentensi moja. Gazeti likatoka Alhamisi.

Jumamosi alasiri nilivaa koti langu la pekee nikaenda kuwa mjomba. Sebule ilikuwa imesuguliwa hadi unaogopa kuikanyaga. Mashine ya gemu ilikuwa imefichwa chini ya kitambaa cha kufuma, na juu yake chombo cha maua. Binti ndiye aliyeificha. Alikuwa anatembea huku na huko akinyoosha mito iliyokwisha kunyooka, nikadhani ni mambo ya uchumba.

Wageni wakaja. Mama wa kijana alikuwa fundi cherehani, mtu mfupi mwenye macho ya kupima. Alipoingia tu alitazama mapazia, akashika pindo la mojawapo, akaliachia. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu na mpole, mwenye adabu za mtu aliyelelewa na mama mmoja na mkanda wa kupimia. Aliniamkia, "Shikamoo mjomba." Nikakohoa, nikaitikia marahaba.

Mambo yalianza vizuri. Tukaulizana hali za afya. Tukaulizana hali za afya za watu ambao hawakuwepo. Kisha Bi Alama akaweka kikombe chake chini.

"Haya, baba. Nasikia unafanya mambo ya kompyuta. Kazi inaendeleaje?"

Kijana akamtazama binti. Binti akatazama zulia.

"Mama, sitaki kuanza kwa uongo," kijana akasema. "Kazi nimeacha. Jana asubuhi."

Mama yake akageuka mzimamzima kwenye kiti. Ni wazi kwamba hata yeye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

"Umeacha?" akasema fundi.

"Umeacha?" akasema Bi Alama.

Nikakohoa.

"Nilipewa ushauri," kijana akasema. "Nikaufikiria usiku kucha, nikaona ni wa kweli."

"Ushauri!" Bi Alama akapiga goti lake. "Mpumbavu gani anamshauri kijana anayetaka kuoa aache kazi? Huyo mtu ana akili? Amewahi kulea? Nitajie, baba, nitajie tu, nimfuate mwenyewe."

Kijana akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akampa kwa mikono miwili.

Mimi nilikitambua kabla hakijafunguka. Ndimi niliyekipanga. Bi Alama alivaa miwani yake, akakifungua, na nikaona macho yake yanashuka mstari kwa mstari, na midomo ikimcheza. Alipofika kwenye kuku, macho yakasimama.

"Ni wewe," akasema polepole, "uliyemtengeneza kuku?"

"Ndiyo, mama. Hawakuniagiza. Nilimweka mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana."

"Na ngazi?"

"Ngazi siyo mimi! Naapa, ngazi siyo mimi."

Binti akafunika uso kwa viganja. Ukweli ukamtoka pale pale, wote kwa pumzi moja. Alijua tangu mwanzo kazi za wote wawili. Mama alikuwa akiwaita watengeneza gemu wezi wa mchana, ndiyo maana akamwambia "mambo ya kompyuta." Na mchumba alikuwa akimwogopa Bi Alama kama mwanafunzi anavyoogopa matokeo, ndiyo maana akamwambia kuwa mama yake ni msahihishaji tu. Alikusudia kuwaambia wote wawili baada ya harusi.

"Miaka mingapi baada ya harusi?" nikauliza. Hiyo haikuwa kazi ya mjomba, na nilitazamwa ipasavyo.

Kijana akamgeukia mama mkwe. "Wewe ndiye Bi Alama?"

"Ndiye," akajibu fundi cherehani kwa niaba yake, na sauti yake ilikuwa baridi. "Ndiye mpumbavu mwenyewe. Dada, nyumba hii ndivyo mnavyowapokea wakwe? Mnawaachisha kazi kwanza?"

Bi Alama alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Dada yangu," akasema mwishowe, "nilichoandika sikifuti, maana ni kweli. Lakini naandika mwaka wa sita sasa. Nimewaambia watu warekebishe ngazi, hawakurekebisha. Nimewaambia wapunguze hotuba, wakaongeza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitii. Nitajuaje kwamba atatokea mmoja, na awe huyu?"

Fundi alimtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Kwanza nilidhani analia.

"Huyu tangu mdogo," akasema huku akipangusa macho, "ukimwambia ruka, anauliza kutoka wapi. Mtu pekee aliyemtii bila swali ni wa gazetini!"

Tulicheka sote, isipokuwa binti, ambaye alikuwa bado anasubiri adhabu yake.

"Sasa unatengeneza nini?" Bi Alama akamuuliza kijana. "Aliyeacha kazi lazima awe na kitu mkononi."

Alikuwa nacho. Mwaka mzima, kwa muda wake mwenyewe, alikuwa akitengeneza gemu ndogo kuhusu mtu anayeanika nguo huku mawingu yanakuja. Ilikuwa kwenye kompyuta ndani ya begi lake. Binti alisema, "Leo hapana, tafadhali," lakini alisemea hewani. Bi Alama alikuwa ameshaondoa maua na kitambaa, na pedi iko mkononi.

Alicheza nusu saa, katika gauni lake la wageni. Kijana alisimama nyuma ya kiti chake akiuma kidole. Nguo zikaanikwa, mawingu yakaja, nguo zikaanuliwa.

"Tano," akasema.

"Mama!" binti akapiga kelele.

"Mawingu yanakuja kwa mpangilio uleule kila siku. Siku ya pili nimeshayakariri, woga umekwisha. Na vibanio vinapotea bila sababu. Nampa nusu kwa ajili ya soksi, maana ile moja inayokosa mwenzake imenichekesha. Tano na nusu."

Rangi ilimtoka kijana, lakini alitoa kijitabu akaanza kuandika. Hapo ndipo fundi cherehani aliposogeza kiti.

"Hebu nipishe, dada." Akaitwaa pedi, akaonyeshwa vitufe mara moja. Baada ya dakika tano akasonya. "Mwanangu, hili shuka ni la nini? Bati? Shuka lililolowa halipepei hivi. Linaning'inia. Linavuta kamba chini katikati. Likianza kukauka, pindo ndilo linatangulia kupepea. Umekua chini ya cherehani yangu, hujawahi kutazama pindo?"

"Hiyo hata mimi sikuiona," Bi Alama akakiri, akasogea karibu. "Na shati je?"

"Shati limeanikwa kwa mabega! Litatoka pembe. Nani anaanika shati kwa mabega?"

Walikaa hapo hadi chai ikapoa, mabibi wawili bega kwa bega, wakinyang'anyana pedi. Kijana alijaza kurasa saba. Suala la uchumba halikujadiliwa tena siku hiyo. Sote tulisahau, na ilibidi wageni warudi Jumamosi iliyofuata kulimaliza.

Gemu ile ilichukua miezi minane zaidi. Ilipotoka, Bi Alama alikataa katakata kuihakiki. "Ni ya mkwe wangu," alimwambia Mhariri, "na nusu ya makosa yake nimeyatoa mimi." Mhariri akaangaza chumba kizima, akaniona.

Niliandika usiku mmoja, nikaipa gemu tisa, nikaiweka makala mezani kwa Bi Alama ipitiwe. Ilirudi nyekundu kama iliyochinjiwa kuku. "Sifa kumi na mbili, ushahidi mmoja," alikuwa ameandika pembeni. "Tisa hii umeitoa kwenye gemu au kwenye pilikapilika za harusi? Thibitisha au punguza." Nilijaribu kuthibitisha siku mbili. Nikapunguza hadi saba, na hata hiyo akaipitisha akiguna.

Gemu haikumtajirisha mtu. Iliuzika kiasi cha kijana kukodi chumba nyuma ya duka la mama yake, akaweka meza mbili, akamwajiri mwenzake mmoja aliyeondoka kule kwenye kampuni. Mwenzake huyo, binti aliniambia kwa kunong'ona siku ya harusi, ndiye aliyetengeneza ngazi.

"Mama anajua?" nikamuuliza.

"Nitamwambia," akasema, akiweka sawa shela lake, "taratibu."