Mikate ya Kona ya Ndani

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Mama Makopo zilikuwa zimefichwa chini ya kilemba kilicholowa maji ya sabuni. Kwa miaka tisa alisugua makopo ya kuokea mikate katika bekari ile, nyuma kabisa, karibu na bomba, na hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini. Nani amuulize muosha makopo?

Tanuri la pale lilikuwa na kona moja ya laana. Mikate ya kona ya ndani iliungua kila siku, ipatayo thelathini, na ile ya karibu na mlango ilitoka imepauka kama mgonjwa. Iliyoungua haikuuzwa. Desturi ilikuwa wafanyakazi waigawane wakati wa kutoka, huyu miwili, yule mitatu. Ukikwangua weusi kwa kisu, unabaki na mkate. Kufa kufaana. Mama Makopo alikuwa na watoto wanne, na hiyo ndiyo mikate waliyonywea chai kabla ya kwenda shule.

Mchomaji alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mzee mpole waliyemwita Mzee Moto. Jumatatu moja tajiri mwenye bekari alikuja akasimama mbele ya tanuri, akamwambia watu wote wakisikia, "Mzee, Jumamosi ikifika na kona hii bado inaunguza, unga wako umemwagika. Nitatafuta mtu mwingine."

Mzee Moto alikuwa ameshapunguza moto, ameshaongeza moto, ameshazungusha trei mpaka mikono ikavimba. Mama Makopo alimwona akijifuta machozi na kusingizia moshi. Roho ikamsuta, kwa sababu dawa ya kona ile alikuwa anaijua.

Aliijua kwa vidole. Trei za kona ya ndani hutolewa mwisho, kwa hiyo hakuzichanganya na nyingine. Makopo ya zamani yalikuwa yamekolea masizi, uyasugue usiyasugue yanabaki meusi, na ganda lililoungua liliganda humo kama kupe. Makopo mapya, yale yanayong'aa, hayakumsumbua hata siku moja, hata yakitoka kona hiyo hiyo. Cheusi kinameza moto, kinachong'aa kinaufukuza. Mwezi mzima alikaa na siri hiyo, na msimlaumu haraka. Mama wa watoto wanne si mwepesi wa kutangaza dawa itakayowakosesha chakula.

Alhamisi uzalendo ukamshinda.

"Shemeji, kesho usiguse moto. Niachie nipange makopo."

"Makopo yana nini tena?"

"Yanayong'aa yaende ndani. Meusi yakae mlangoni."

"Shemeji, hili ni tanuri, si kabati la vyombo."

"Yote umejaribu. Jaribu na langu."

Ijumaa trei zikatoka moja baada ya nyingine, mikate yote rangi moja, ya mlangoni na ya ndani. Mzee Moto aliugeuza mmoja, akaugonga chini kwa kidole, akageukia ukutani akacheka peke yake. Tajiri alipomwuliza amewezaje, alisema, "Muulize shemeji yangu. Mimi nimechoma tu." Naye anastahili sifa zake, maana wangapi wangefunga mdomo?

Lakini wakati wa kutoka, meza ya mikate iliyoungua ilikuwa tupu. Wenzake wote walisimama na vifuko vyao wakimtazama.

"Sasa watoto wetu wale nini?" mmoja wao, mkandaji wa unga, akamuuliza. "Sifa zako?"

Mama Makopo alifuta mikono kwenye kanga akaingia ofisini kwa tajiri, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Tajiri, ulikuwa unapoteza mikate thelathini kila siku. Leo hujapoteza hata mmoja. Sisi tuko kumi na wawili, tunataka kumi na miwili."

"Iliyoungua ikipatikana, chukueni."

"Haitapatikana. Nasema mizima, mmoja kwa kila mtu, kila siku."

Tajiri akacheka. "Na nikikataa?"

"Hutakataa," alisema Mama Makopo, na wala hakupandisha sauti. "Kesho asubuhi makopo nayapanga mimi."

Kicheko kikamkauka tajiri. Akainuka mwenyewe, akaenda kwenye rafu ya mikate, akaanza kuhesabu: mmoja, miwili, mitatu.