Uso wa Nephtali

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, Marthe alishuka kwenye pikipiki mbele ya kituo cha afya huko Mangobo, akapangusa viatu, akaingia kwa Karima, mwanasaikolojia. Mutuelle, bima ya afya ya kiwanda cha sabuni alikofanya kazi, ilimlipia vikao sita. Karatasi ilikuwa na visanduku sita vya mihuri.

Mumewe Nephtali alivua samaki kwenye maporomoko. Maji yalimchukua miaka miwili iliyopita, mwili haukupatikana. Kikao cha kwanza ilikuja miguu yake, imelowa, ikasimama mbele ya kiti cha tatu. Karima akaweka beseni. Cha pili yakaja mapaja, yakaketi. Cha tatu tumbo, cha nne kifua. Cha tano ikaja mikono, na Marthe aliushika wa kulia saa nzima. Cha sita, shingo.

"Docteur, imebakia uso," alisema Marthe. "Alhamisi moja tu. Nimeanza kusahabu sura yake."

"Bon, maman, naweza kuomba. Lakini ba mutuelle banataka niandike yote ulisema hapa, na karatasi inapita kwa chef wako wa kazi."

"Bakisoma niko naikala na mufu, batanifukuza. Usiandike."

Karima hakuandika, siri ya mgonjwa aliiapia. Aliandika tu kwamba Marthe anaendelea vizuri, bado kikao kimoja. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Mutuelle huuliza, tena kwa nakala tatu. Jumanne likaja jibu: kwa kuwa anaendelea vizuri, amepona.

Karima alitaka kumpokea bure. Mkurugenzi wa kituo, Hilaire, mtu mpole, akamwonyesha mkataba na mutuelle: asiye na kibali chao hapiti getini.

Alhamisi iliyofuata, saa nne, Nephtali alikuja mzima, na uso wake. Alitazama kiti cha mkewe. Karima akamwambia yuko getini. Akainuka, lakini mlangoni miguu ilianza kufutika, akarudi kuketi.

Karima akatoka. Marthe alikuwa ameshika vyuma vya geti, amevaa pagne mpya. Hamu ilikuwa imemkausha midomo.

"Iko na mwanya?"

"Iko nayo, maman."

"Anacheka?"

"Hapana. Anakungoja."

Marthe akashukuru, akasimamisha pikipiki. Alikuwa amechelewa kazini, na karatasi ilisema amepona.